Nani alikufundisha kuisoma? Maswali yenu kuhusu alama

Safari hii barua nyingi zimeangukia jambo moja: alama, na namna zinavyogeuka maana zikivuka mpaka. Nimechambua yakabaki maswali tisa. Waliotaka nitafsiri ndoto zao wanisamehe, hiyo si kazi yangu.

Shikamoo mwandishi. Rafiki yangu wa Japani aliniandikia usiku, akamalizia na kile kikatuni chenye tone kubwa puani. Nikampa pole ya mafua. Alicheka mpaka leo ananitania. Nilikosea wapi?

Marahaba. Hukukosea, ulisoma kwa macho uliyonayo. Kikatuni kile jina lake ni "uso wenye usingizi". Tone lile si mafua wala chozi, ni puto la kamasi. Katika katuni za Kijapani mtu aliyelala fofofo huchorwa na puto puani: linavimba akitoa pumzi, linanywea akivuta, na likipasuka ujue ameamka. Aliyekua akisoma katuni hizo haoni kamasi hata kidogo, anaona usingizi moja kwa moja. Rafiki yako alikuwa anakuaga akalale.

Emoji tunazotumia zina asili ya huko. Mwaka 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilitoa vipicha 176 vilivyobuniwa chini ya Shigetaka Kurita, kila kimoja kimebanwa ndani ya nukta 12 kwa 12. Vilikuwa vya Wajapani kuandikiana wao kwa wao, watu waliolelewa na katuni zile zile. Mwaka 2010 emoji ziliingizwa katika Unicode, mfumo unaofanya herufi na alama zisomeke sawa kwenye vifaa vyote, zikaenea kwenye simu za dunia nzima. Picha zilisafiri, waliofundishwa kuzisoma wakabaki nyumbani.

Kuna nyingine: uso unaofoka mvuke puani. Ulipoingizwa uliitwa uso wa ushindi, yaani mtu anayepumua kwa majigambo baada ya kushinda. Wengi wetu tunautuma tukiwa tumekasirika. Siku hizi orodha za majina zimesalimu amri, zinauita kwa kinachoonekana tu, "uso wenye mvuke puani", na kila mtu ajaze mwenyewe.

Mimi pia yamenikuta. Niliwahi kumtumia mhariri wangu viganja viwili vilivyokutana, nikimaanisha asante. Yeye akaona namwomba aniongezee siku za kuwasilisha makala, akaniongezea mbili. Sikumsahihisha.

Nilimnunulia mwanangu PlayStation, mashine ya gemu, iliyotumika, imetoka Japani. Kila akibonyeza X ili kukubali, inakataa na kumrudisha nyuma. Cha duara ndicho kinakubali. Nimeuziwa kibovu?

Hapana mama, ni kizima kabisa, ila kinazungumza lugha ya shule za Kijapani. Mwalimu wa Japani akisahihisha daftari, jibu la kweli hulizungushia duara. Jibu la uongo hupata X, au hata tiki. Waliounda kidhibiti kile mwaka 1994 waliweka duara kuwa ndiyo na X kuwa hapana, kama mtoto yeyote wa huko anavyojua. Gemu zilipouzwa Marekani na Ulaya, nyingi ziligeuzwa: X ikawa ya kukubali. Kwa miaka 25 hivi, kitufe kimoja kilikuwa kinakubali upande mmoja wa dunia na kukataa upande mwingine, na wachezaji wa pande zote wakiamini kwamba ndivyo vidole vilivyoumbwa. PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020, X ilifanywa ya kukubali kila mahali, Japani ikiwemo. Wajapani wengi walinung'unika, nami ningenung'unika.

Na usidhani hili ni jambo la Japani peke yake. Nchini Uswidi na Ufini, tiki kwenye karatasi ya mtihani huonyesha ulipokosea. Hebu fikiria mtoto aliyehamia huko, anarudishiwa karatasi imejaa tiki, anakimbia nayo nyumbani akishangilia.

Mimi ni mzee wa miaka 74. Nabishana na mjukuu wangu: nyeupe ni rangi ya arusi au ya msiba?

Shikamoo mzee wangu. Mmepatia nyote wawili, na huyo mjukuu asikushinde kwa hoja ya picha za kwenye simu.

Nchini China nyeupe imekuwa rangi ya kuomboleza tangu kale, na bibi arusi huvaa nyekundu. Kwa Wahindu wengi vilevile, wafiwa huvaa nyeupe. Gauni jeupe la arusi, linaloonekana kama limekuwepo tangu Hawa, lilipata nguvu mwaka 1840 Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert akiwa amevaa nyeupe. Kabla yake bibi arusi wa Ulaya alivaa gauni lake zuri kuliko yote, la rangi yoyote, na baada ya arusi akaendelea kulivaa. Picha za malkia zilisambaa, matajiri wakaiga, kisha wasio matajiri. Albert alipofariki mwaka 1861, mwanamke huyo huyo akavaa nyeusi karibu miaka 40, hadi alipokufa mwaka 1901, na hilo nalo likaigwa. Mtu mmoja alisaidia kueneza rangi mbili.

Kwa Waakan wa Ghana, nyekundu na nyeusi ndizo za msiba, na nyeupe huvaliwa kumzika aliyeishi miaka mingi mno, maana hapo kinachofanyika ni shukrani zaidi ya kilio. Kwa hiyo mjukuu akianza tena, muulize: msiba wa nani, na wapi?

Nyongeza ndogo kwa wanaofuatilia masoko ya hisa. New York bei ikishuka huandikwa kwa nyekundu. Shanghai ikipanda ndiyo nyekundu. Siku soko la Shanghai linapoporomoka, skrini zote huwa za kijani kibichi kama shamba baada ya mvua.

Ndugu mwandishi, nimeona ramani ya Kyoto ina alama ya Wanazi, tena nyingi mno. Ina maana Japani bado wanamwenzi Hitler?

Hapana ndugu yangu. Hizo ulizoziona ni mahekalu. Ramani za Japani zimeweka alama hiyo, wenyewe wanaiita manji, kuonyesha hekalu la Kibudha, na Kyoto ina mahekalu mengi. Dini ya Budha ilifika Japani kupitia China, na alama ilitoka India, ambako jina lake la Kisanskriti ni svastika: su ni njema, asti ni kuwa. Kuwa kwema. Wahindu, Wabudha na Wajaini (wa dini nyingine ya kale ya India) wameitumia muda mrefu kuliko umri wa dola yoyote iliyopo leo. Wafanyabiashara wa Kihindu hufungua daftari jipya la hesabu wakati wa Diwali kwa kuichora ukurasa wa kwanza, ili mwaka uwe wa heri.

Ulaya nako ilikuwepo kale. Mjerumani Heinrich Schliemann alipochimba mji wa kale wa Troy, Uturuki ya leo, miaka ya 1870 aliikuta kwenye vitu vya udongo, na hapo ndipo balaa lilipoanza kupikwa. Wanautaifa wa Kijerumani wakaunganisha vipande: alama ipo India, ipo Troy, ipo kwetu, basi ni muhuri wa mababu wa "Kiariani", na sisi ndio wajukuu halali. Hadithi ya kubuni, lakini iliwafaa. Chama cha Nazi kiliichukua mwaka 1920 na mwaka 1935 ikawa bendera ya taifa la Ujerumani. Wao hawakuiita svastika, waliiita Hakenkreuz, msalaba wa ndoano. Baada ya vita Ujerumani iliipiga marufuku, kifungu cha 86a cha sheria yake ya jinai, isipokuwa kwa mambo kama elimu, sanaa na utafiti.

Utasikia watu wakikupa dawa rahisi: angalia inapogeukia, kulia ni ya Wanazi, kushoto ni ya Wabudha. Usiitegemee. Ya Wahindu na Wajaini aghalabu hugeukia kulia kama ile ya Wanazi. Kinachosaidia zaidi ni mkao: ya Wanazi kwa kawaida imeinamishwa ikasimama kwa ncha, nyeusi ndani ya duara jeupe juu ya nyekundu. Lakini hata hilo si kipimo, kwa sababu mtu mwenye kopo la rangi na chuki hapimi nyuzi. Kipimo ni ukuta wenyewe. Mistari ile ile kwenye lango la hekalu na kwenye ukuta wa sinagogi si alama moja.

Mwaka 2016, Japani ikijiandaa kwa Olimpiki, taasisi ya serikali ya ramani ilipendekeza kwamba ramani za wageni zitumie kichoro cha pagoda, mnara wa hekalu, badala ya manji. Mabishano yakawaka. Wengine walisema mgeni asitishwe bure, wengine wakasema mgeni afundishwe. Kwenye ramani za Wajapani wenyewe manji imebaki. Niko upande wa wanaofundisha, lakini nina kikomo changu. Kumwambia mtu ambaye bibi yake aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kwamba akasome Kisanskriti ni ukatili. Kumwambia bibi wa Gujarat, India, afute heri kwenye mlango wake kwa sababu ya uhalifu wa Wajerumani ni ukatili pia. Sijaona kanuni inayowatosheleza wote wawili, na ninaowaona wakiitoa kwa urahisi huwa hawamjui hata mmoja kati yao.

Kwa nini lifti ya hoteli niliyolala China ilitoka ghorofa ya 3 ikaenda ya 5?

Masikio tu. Kwa Kichina nne ni sì, na kufa ni sǐ. Tofauti ni namna sauti inavyopanda na kushuka. Japani nako nne inaweza kutamkwa shi, sawa na kifo. Nane hufanana kwa sauti na neno la kutajirika, ndiyo maana Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8, mwezi wa 8, mwaka 2008, saa 8 za usiku kwa saa za kizungu. Sasa iweke hiyo katika saa za Kiswahili: saa mbili usiku. Mganga amekula hasara.

Waitalia hawana shida na nne, wanaogopa 17. Iandike kwa namba za Kirumi, XVII, kisha panga upya herufi zake: VIXI, Kilatini cha "nimeishi", yaani sipo tena.

Nasafiri mara ya kwanza, nchi tano. Nipe orodha ya ishara za mikono nisizopaswa kufanya.

Orodha sikupi, utaisahau uwanja wa ndege. Nakupa kisa.

Januari 1992 Rais George H. W. Bush wa Marekani alikuwa Canberra, Australia. Wakulima wenye hasira wamejipanga barabarani. Akiwa ndani ya gari akawainulia vidole viwili vya V, ile ya ushindi na amani, ila mgongo wa mkono ukiwa umewaelekea wao. Australia na Uingereza, V iliyogeuzwa hivyo ni tusi zito, la kumtusi mtu wazi wazi. Rais alidhani anawasalimu. V yenyewe ya ushindi ilianzia kwenye redio: Januari 1941 Mbelgiji Victor de Laveleye, akitangaza kupitia BBC, aliwataka watu wake waichore kila mahali, kwa kuwa ndiyo herufi ya kwanza ya ushindi kwa Kifaransa na ya uhuru kwa Kiflemi. Alichagua herufi moja iwatoshe Wabelgiji wa lugha zote mbili, na hakuna aliyetarajia kwamba siku moja shida ingekuwa ni upande gani wa kiganja.

Kidole gumba juu ni "safi" kwa wengi, kwa Wairani wa zamani ni tusi, na chini ya maji mpiga mbizi akikuonyesha hicho anakwambia mpande juu sasa hivi. Bulgaria wanatikisa kichwa huku na huku wakikubali. Kwa hiyo mikono mfukoni, tabasamu, na ujifunze neno la "asante" la kila nchi. Matano tu.

Nimefungua duka la dawa. Fundi amenichorea msalaba mwekundu mkubwa kwenye bango. Jirani yangu anasema nitashtakiwa, mwingine anasema ni alama ya Wakristo. Nimsikilize yupi?

Wa kwanza. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe haumaanishi "dawa zipo hapa". Unamaanisha "usipige risasi". Ni alama ya kinga vitani, inayovaliwa na wahudumu wa majeruhi, na Mikataba ya Geneva ya 1949 inazitaka nchi zizuie wengine kuitumia. Sababu yake ni nyepesi: kila ukiizoea kwenye maduka, sanduku za huduma ya kwanza na matangazo ya dawa za kikohozi, askari mwenye bunduki naye anaizoea. Alama ya kinga inalindwa kwa kutoonekana ovyo.

Habari ya dini ina mkasa mrefu kidogo. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, alishuhudia majeruhi walioachwa uwanjani baada ya vita vya Solferino mwaka 1859, na juhudi alizozianzisha zikazaa mkataba wa Geneva wa 1864 pamoja na bendera yake. Ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, na mkataba wa 1906 ukaandika hivyo waziwazi, kwamba ni heshima kwa Uswisi. Lakini askari hapewi mkataba ausome kabla ya kuonyeshwa bendera. Mwaka 1876 dola ya Waosmani, watawala wa Uturuki, ilitangaza kwamba itatumia hilali nyekundu, kwa kuwa msalaba uliwaudhi wanajeshi wake Waislamu. Waliochora walikusudia Uswisi, waliotazama wakaona vita vya msalaba. Ilichukua hadi mwaka 1929 hilali kukubaliwa rasmi, pamoja na simba mwekundu na jua vya Uajemi, ambavyo Iran iliacha kuvitumia mwaka 1980.

Ukishaongeza mbili, mwenye ya tatu na ya nne yuko mlangoni. Mwaka 2005 ikapitishwa fuwele nyekundu, mraba mtupu uliosimama kwa ncha, ikaanza kutumika kisheria mwaka 2007. Hiyo ni alama iliyotafutwa kwa bidii ili isimkumbushe mtu yeyote kitu chochote. Nawaonea huruma wachoraji waliopewa kazi ya namna hiyo.

Mwambie fundi arudi na kopo la kijani. Msalaba wa kijani ni wa maduka ya dawa katika nchi nyingi, na msalaba mweupe juu ya kijani ni wa huduma ya kwanza. Hakuna atakayekusumbua.

Shikamoo. Nataka kuchora tatuu ya Sankofa begani kwa sababu ni alama ya mababu zetu Waafrika wote. Dada yangu anasema nitajuta. Unasemaje?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza ni ya mababu wa Waakan, wa Ghana na Ivory Coast. Babu yako, kama hakuwa Mwakan, huenda hakuwahi kuiona. Ni mojawapo ya alama za adinkra zinazogongwa kwenye nguo kwa muhuri wa kibuyu na wino wa magome: ndege anayetembea mbele huku shingo imegeuka nyuma, au umbo kama moyo lenye mikunjo. Kwa Kitwi, lugha ya Waakan, san ni kurudi, kɔ ni kwenda, fa ni kuchukua. Rudi ukachukue ulichokisahau, si haramu.

Ilikuwaje ikawa ya wote? Mwaka 1991, New York, wajenzi wa jengo la serikali walifukua makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, yaliyokuwa yamefunikwa na mji tangu karne ya 18. Juu ya kifuniko cha jeneza moja kulikuwa na misumari midogo iliyopangwa kwa umbo la moyo. Ikasomwa kuwa Sankofa: Mwafrika aliyezikwa na wenzake wakimkumbusha atokako. Alama ikawekwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa mahali pale, na kutoka hapo ikaenea vifuani, shingoni na mabegani mwa watu wenye asili ya Afrika kila pembe.

Kisha mwaka 2010 mwanahistoria Erik Seeman akauliza swali chungu: ushahidi uko wapi kwamba Sankofa ilitumika karne ile? Na je, hakuona mtu kwamba Waingereza wa makoloni yale walipigilia mioyo ya misumari kwenye majeneza yao? Kwa maoni yangu hoja yake ina uzito. Haibatilishi kitu kwa anayeivaa leo, kwa sababu maana iliyowekwa baada ya 1991 ni maana ya kweli, ina watu na machozi yake. Ila usiende ukasimulia kwamba imethibitishwa ya karne ya 18. Useme ni alama ya Waakan ambayo waliotawanywa waliirudia wakaichukua. Ukiitazama vizuri, ndicho hasa neno lenyewe linachosema.

Kwa hiyo chora. Ila ungeniuliza kuhusu tā moko ya Wamaori wa New Zealand ningekukatalia. Ile husimulia ukoo wa mwenye uso, nani kamzaa nani, na kuivaa bila kuwa wao ni sawa na kutembea na kitambulisho cha mtu. Wao wenyewe wamewatengea wageni mtindo unaoitwa kirituhi, michoro ya sura ile isiyobeba nasaba ya mtu.

Na dada yako anaweza kuwa anahofia sindano tu. Muulize.

Je, kuna alama hata moja ambayo kila binadamu anaielewa bila kufundishwa?

Waliolitafuta jibu kwa dhati ni watu wa mionzi, kwa sababu wao wakikosea mtu anakufa.

Alama yao ya kawaida, mapezi matatu kuzunguka nukta, ilichorwa mwaka 1946 huko Berkeley, Marekani. Kwa asiyeambiwa ni pangaboi. Mwaka 2000 nchini Thailand, mkoa wa Samut Prakan, waokota vyuma chakavu walipata kipande cha mashine ya zamani ya tiba yenye kobalti-60, metali inayotoa mionzi, wakakipeleka kwenye yadi ya chakavu, kikakatwa. Alama ilikuwepo, hakuna aliyeijua. Watu kumi waliumia kwa mionzi, watatu wakafa.

Shirika la kimataifa la nishati ya atomiki likaunda alama nyongeza na kuijaribu kwa watu 1,650 katika nchi 11, Kenya ikiwemo. Ikatoka mwaka 2007: pembetatu nyekundu, mapezi yakitupa mionzi, fuvu na mifupa, mtu anakimbia, na mshale unaoonyesha aendako. Haibandikwi nje, inafichwa ndani ya mashine, ili ikutane na yule tu anayeifungua. Ni kazi nzuri. Lakini iangalie: imerundika picha nne au tano kwa sababu hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Fuvu je? Mexico, Siku ya Wafu, mafuvu ya sukari hupewa watoto wale. Na mwaka 1971 kituo cha sumu cha Pittsburgh, Marekani, kiliacha fuvu kwenye chupa za sumu kwa sababu watoto walilihusisha na maharamia, na timu ya besiboli ya mji ule inaitwa Pirates. Sumu ilikuwa imevaa jezi ya nyumbani. Wakachora uso wa kijani uliokunjamana, ulimi nje, kama mtu aliyeonja kitu kibaya. Huo unakaribia unachokiuliza, kwa sababu haujatoka shule yoyote, umetoka mdomoni. Waliopewa kazi ya kufikiria onyo la miaka 10,000 kwenye ghala la taka za nyuklia huko New Mexico nao waliishia karibu na hapo: nyuso za watu wenye hofu na maumivu.

Niliwahi kudhani mshale ndio jibu. Nani asiyejua mshale? Mwaka 1972 Marekani ilirusha chombo cha anga, Pioneer 10, kikiwa na bamba la kuwasalimu viumbe wa mbali, na ndani yake mshale unaoonyesha kilikotoka. Mwaka huo huo mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich akakumbusha kwamba mshale unasomeka na yule ambaye kwao waliwahi kuwinda kwa upinde. Asiyewahi kuuona ukiruka ataona mstari wenye vijiti viwili mwishoni, na hatajua ni ncha ipi ya kufuata. Mawasiliano ya mwisho na chombo hicho yalikuwa Januari 2003. Bamba lingali juu yake, na mshale wake.